Sentensi Isiyo na Mtenda

Wizarani hakuna mtu aliyewahi kufanya kitu. Usinibishie, soma barua zao. Imeamuliwa. Imeelekezwa. Imeonekana inafaa. Nani kaamua? Nani kaelekeza? Hayupo. Mambo ya huko ghorofa ya nne hujifanya yenyewe, na watu wapo kwa ajili ya kunywa chai tu.

Aliyezichapa barua hizo kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni, katibu muhtasi wa Waziri. Wizara nzima ilimwita Mama Sarufi, na jina hilo alilipata kihalali. Kwenye kabati lake kulikuwa na penseli nyekundu, na penseli hiyo haikumwogopa mtu. Tangazo la choo lilipoandikwa "Vyoo ya Wanawake", alilizungushia duara kabla hajaingia. Siku moja dereva wa ofisi alimwambia, "Mama, gari imekwama." Akajibu, "Limekwama." Dereva akamfungulia mlango. "Basi shuka usukume, mama, iwe imekwama au limekwama." Akashuka, akasukuma, na huku anasukuma anamweleza ngeli.

Mawaziri sita walipita mikononi mwake salama. Wa saba ndiye huyu tunayemzungumzia, na kwa kuwa wote walimwita Mheshimiwa, nasi tumwite hivyo hivyo, haitupunguzii kitu. Alikuwa Waziri wa usalama, mtu mkubwa wa mwili na wa cheo, na aliandika kwa wino wa kijani ambao hakuna mwingine wizarani aliyeruhusiwa kuushika. Ila sarufi yake, loo! "Kitabu yangu." "Watu hizi." Mama Sarufi akizisoma rasimu zake alishikwa na maumivu ya jino. Alikuwa akizisahihisha kimyakimya wakati wa kuchapa, kisha anampelekea rasimu na barua safi pamoja, ili aone kilichobadilishwa. Mheshimiwa anacheka, anatia saini. "Huyu ndiye mwalimu wangu," anawaambia wageni. Mama Sarufi alipenda sana kuitwa hivyo. Tuseme tu ukweli, alipenda mno.

Kanuni ilisema rasimu yoyote yenye mkono wa Waziri ipite kwenye mashine ya kuchana siku hiyo hiyo. Yeye alizichana, isipokuwa zile zenye makosa matamu. Hizo alizitia kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa "Makosa ya Wakubwa", azitumie kuwafundishia makatibu wapya atakapokaribia kustaafu. Bahasha ilikaa nyumbani kwake, chini ya mashuka, kwenye kabati la chumbani.

Nyumbani aliishi na mdogo wake wa kike, fundi cherehani wa sare za shule, na mume wa mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya reli. Shemeji huyu ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa na leseni ya kumchokoza. Anaingia kutoka kazini, mikono imejaa alama za cheche, anasema kwa makusudi, "Shemeji, kiti yako hii hapa, kalia." Mama Sarufi anafumba macho. "Shemeji, hata chakula yangu iko tayari?" Mdogo mtu anamrushia mumewe kipande cha kitambaa, na shemeji anacheka mpaka anakohoa.

Ilikuwa miaka sita iliyopita. Mafundi wa karakana waligoma, wakidai glavu na miwani ya kuzuia cheche, maana wenzao wawili walikwisha pofuka. Siku ya tatu ya mgomo Mheshimiwa alileta rasimu fupi kuliko zote alizowahi kuandika: "Nimeona orodha ya wagomaji. Ashughulikiwe haraka, kabla ya wiki kwisha." Orodha yenyewe ilikuja imebandikwa nyuma, imekunjwa, na mwisho wake pameonekana maneno "Jumla: 23". Mama Sarufi hakuifungua. Kiambatisho hakisomwi, kinabanwa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyofundisha wengine.

Ila sentensi aliisoma, na jino likaanza. Wagomaji ni wengi, kitenzi ni cha mmoja. Kosa la darasa la tatu! Akachapa: "Washughulikiwe haraka." Akampelekea. Mheshimiwa alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akatazama dari kidogo, akacheka. Alitia saini barua, akaandika kitu kwenye rasimu, akairudisha. Saa nne na nusu Mama Sarufi alikwenda kunywa chai, roho yake imetulia.

Siku ya nne asubuhi malori mawili yaliingia karakana ya reli, wagomaji walikokuwa wameketi. Mtu mwenye karatasi alisimama juu ya kreti akaita majina, kuanzia la kwanza hadi la ishirini na tatu. Shemeji alikuwa wa tisa. Wenzao waliobaki waliambiwa warudi kazini.

Kwa miezi minane mdogo wake alikwenda kituoni kila Jumatatu kuuliza habari za mumewe. Afisa wa kaunta, kijana mwenye adabu zake, alimjibu kila mara, "Suala lako linashughulikiwa, mama." Aliandika barua tatu wizarani. Majibu yalikuwa hayo hayo, yamepangwa vizuri, koma mahali pake. Dada yake ndiye aliyeyachapa. Mwezi wa tisa wakapatikana, wote ishirini na tatu, kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa.

Je, Mama Sarufi alijua? Alijua. Mtu anayejua upatanisho wa ngeli hashindwi kujumlisha moja na moja. Alijua tangu Jumatatu ya kwanza, akanyamaza, akaenda kazini, akarudi, akala alichopikiwa na mjane.

Sasa, serikali zina tabia ya kuanguka. Hii nayo ikaanguka, na iliyoingia haikuwa na mapenzi na Mheshimiwa. Mahakama ya kimataifa ilipoandika kumtaka kwa mashtaka ya mauaji, serikali mpya ilifanya kitu ambacho serikali hazifanyi: ilijibu barua siku hiyo hiyo. Wakamsindikiza mpaka mlangoni mwa ndege, wakampungia mkono. Waziri mpya aliapa kwamba zama zile zimekwisha, naye akabadilisha jambo moja kubwa: yeye anaandika kwa wino wa bluu.

Ile barua iliyochapwa ilikuwa imefika mahakamani tayari, imetunzwa na afisa mmoja wa malori aliyetaka kuonyesha kwamba yeye alitumwa tu. Basi kesi nzima ikakaa juu ya neno moja. Kuwashughulikia watu ni kuwafanyaje? Upande wa Mheshimiwa ulileta profesa wa lugha, akawaeleza majaji kwa siku mbili kwamba kushughulikia ni kuhudumia, kama vile wageni wanavyoshughulikiwa arusini. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama wageni hao baadaye walirudi makwao. Profesa akaomba maji.

Habari hizo zilipofika wizarani, wakubwa wakakimbilia makabati. Majalada yote yalijaa neno hilo, toka masijala hadi jikoni. Ikaitwa semina. Ikaundwa kamati. Mwishowe ukatoka waraka, na Mama Sarufi ndiye aliyepewa kuuchapa: "Kuanzia tarehe ya waraka huu, neno 'kushughulikia' lisitumike katika mawasiliano yoyote ya wizara. Atakayekiuka atashughulikiwa ipasavyo." Aliusoma mara tatu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akauchapa kama ulivyo.

Wiki hiyo hiyo alikuja mpelelezi wa mahakama, mwanamke wa makamo aliyejifunza Kiswahili vitabuni. "Shikamoo, mama. Nilikuja kukuona," akasema.

"Nimekuja," alisema Mama Sarufi. "Uko hapa bado."

"Samahani. Nimekuja. Je, rasimu ya barua hii ipo mahali?"

"Rasimu huchanwa."

"Zote?"

"Kanuni ndivyo inavyosema," akajibu, wala hakuwa ameongopa. Mpelelezi aliacha namba yake ya simu mezani akaenda zake.

Siku mbili baadaye akaja mwingine, Jumamosi alasiri, nyumbani. Huyu alikuwa wakili wa Mheshimiwa, viatu vinameta, maneno laini. Alikaa kwenye kochi. Chumba cha pili, mlango wazi, cherehani ya mdogo mtu ilikuwa inakwenda trrr, trrr, sare za muhula mpya.

"Mama yangu, sisi hatutaki useme uongo," wakili alianza. "Tunataka ukweli mtupu. Mheshimiwa anakumbuka vizuri kwamba aliandika mmoja. Ashughulikiwe. Wewe ukaongeza wingi. Kosa la uchapaji, basi. Nani anafungwa kwa kosa la uchapaji?"

Hapo angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Ila ulimi wake ulikuwa na umri wa miaka hamsini na nane na haujawahi kuvumilia tuhuma ya aina hiyo.

"Mimi sijawahi kukosea kuchapa," akasema kwa hasira. "Lile halikuwa kosa. Mimi nilisahihisha! Yeye aliandika a, mimi nikaweka wa, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa."

"Hilo hilo," alisema wakili, akatabasamu. "Sema hivyo hivyo mahakamani."

Cherehani ilikuwa imesimama. Mama Sarufi alipogeuka, mdogo wake alikuwa mlangoni, futi ya kupimia shingoni, sindano mdomoni. Aliitoa ile sindano polepole, akaichomeka kwenye kola. Wakili akaaga kwa heshima zote.

Zikapita siku tatu. Sahani ziliwekwa mezani, zikaondolewa. Siku ya nne, Mama Sarufi akiwa anafunga viatu aende kazini, mdogo wake akaja akapiga magoti, akamfungia kamba ya kiatu cha pili kama alivyokuwa anafanya utotoni.

"Dada, nimefikiri," alisema. "Hukujua. Hukuona majina. Wewe uliona sarufi tu, maana ndivyo ulivyo. Nimekusamehe."

Mama Sarufi akalia, mdogo wake naye akalia, na ofisini akachelewa kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa. Ila njia nzima maneno yale yalimkaa vibaya. Hukujua. Jioni ile alifunga mlango wa chumba, akatoa bahasha ya kaki chini ya mashuka, akaitafuta ile rasimu. Ilikuwepo. Chini ya "Ashughulikiwe", kwa wino ule ule wa kijani, Mheshimiwa alikuwa ameandika: "Asante mwalimu. Ndio, wote." Na neno "Ndio" lilikuwa limezungushiwa duara jekundu.

Hapo ndipo penye mgogoro, na nisikufiche. Karatasi ile ilitosha kumfunga Mheshimiwa. Ilionyesha kwamba aliisoma barua, aliuona wingi, akaupokea kwa mkono wake. Bila karatasi ile, angesimama mbele ya majaji akasema yeye alimtaka mmoja, tena kwa ajili ya kumhudumia, na hao ishirini na wawili ni mali ya mpiga chapa. Lakini karatasi hiyo hiyo ilionyesha pia kwamba mpiga chapa aliliona neno "wote" siku ile ile, likiwa bado na unyevu, wakati malori yangali gereji. Mdogo wake alikuwa amemsamehe mtu asiyejua. Mtu huyo hayumo kwenye karatasi.

Aliirudisha bahasha. Akaitoa. Usiku akairudisha tena, asubuhi ya siku ya ushahidi akaitia kwenye mkoba, akijiambia kwamba anaibeba tu.

Ushahidi ulitolewa kwa njia ya video, katika chumba cha mikutano chenye viti vya plastiki na kiyoyozi kinachovuja. Mdogo wake alikuja, alikuwa ameomba ruhusa, akakaa nyuma yake karibu na ndoo ya kukingia maji. Kwenye skrini walikuwepo majaji watatu, mkalimani, wakili wa viatu vinavyometa, na pembeni Mheshimiwa mwenyewe, amekonda kidogo, ila tai yake ilikuwa ya kijani.

Kwanza mkalimani alilitafsiri neno lile, na Mama Sarufi, ambaye lugha ya kizungu aliijua vizuri kwa kuichapa, akanyoosha mkono. "Samahani, waheshimiwa. Amesema 'wapewe uangalizi'. Wagonjwa ndio hupewa uangalizi." Jaji akamshukuru. Wakili akasimama.

"Mama, nani aliyeongeza wingi katika barua hii?"

"Mimi."

"Uliagizwa na mtu?"

"Hapana."

"Mheshimiwa alikuwa akitia saini barua arobaini kwa siku. Kwa hiyo hakujua kabisa kwamba umeongeza wingi. Sivyo?"

Swali lilikuwa jepesi. Kusema "ndivyo" kulitosha, arudi nyumbani na mdogo wake, wapitie sokoni. Nyuma yake alisikia tone la maji likianguka ndooni, kisha jingine.

"Alijua," akasema. Akafungua mkoba.

Palizuka vurugu, wakili anapinga, mwendesha mashtaka anasimama, Mheshimiwa anamnong'oneza mtu ambaye hakuwepo. Karatasi ikapigwa picha, ikatumwa, ikasomwa. Mwandiko ukalinganishwa. Saa nzima ikapita. Kisha jaji mwanamke, aliyekaa katikati, akauliza jambo ambalo mawakili wote walilipita.

"Shahidi, duara hili jekundu ni la nani?"

"Ni langu."

"Uliliweka lini?"

"Siku ile ile. Dakika ile ile aliponirudishia."

"Kwa nini?"

"Niliona kosa."

"Kosa gani?"

Mama Sarufi alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Aliandika ndio. Sahihi yake ni ndiyo. Alisahau herufi y."

Mkalimani akaomba arudiwe, herufi kwa herufi. Jaji akaandika. Nyuma kiti cha plastiki kikakwaruza sakafu, mlango ukafunguliwa, ukafungwa.

Mheshimiwa alitiwa hatiani kwa watu wote ishirini na tatu. Wakili wake alikata rufaa, akidai kwamba neno "wote" nalo lina maana nyingi, na profesa akanunuliwa tiketi nyingine. Wizarani Mama Sarufi aliagwa mapema kwa barua ya mistari miwili: imeonekana inafaa apumzike. Haikutiwa saini na mtu.

Mdogo wake hakuhama, hana pa kuhamia, wala hakumfukuza, maana nyumba ni ya wote wawili. Ila hakusema naye miezi minne. Cherehani ilikwenda, sahani zikaja, sahani zikaondoka. Mama Sarufi alikaa dirishani na magazeti, asiyazungushie kitu. Penseli ilikuwa kwenye droo.

Kisha siku moja mchana sahani haikuja. Ilikuja karatasi, ikawekwa mbele yake.

"Wajane wenzangu wanataka kuweka jiwe pale machimboni," alisema mdogo wake, akiutazama ukuta. "Wamesema uisahihishe kabla fundi hajachonga. Mimi sikutaka."

Mama Sarufi alikwenda kuchukua penseli. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa mtu asiyezoea kalamu: "Hapa walipatikana mafundi ishirini na tatu wa karakana ya reli. Walichukuliwa wakiwa kwenye mgomo. Waliuawa." Alisoma. Ngeli ziko sawa. Tahajia iko sawa. Nukta ziko mahali pake. Mdogo wake alichoka kusimama, akavuta kiti.

"Kuna kosa?"

"Lipo moja."

"Wapi?"

"Walichukuliwa. Waliuawa." Aliiweka ncha ya penseli kwenye nukta ya mwisho. "Sentensi haina mtenda."

Mdogo wake alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ndoo. "Basi mweke."

Akaifuta ile nukta ya mwisho, akaandika: "kwa amri ya", kisha cheo cha Mheshimiwa na majina yake yote mawili. Akaweka koma. Akaandika: "iliyochapwa na kusahihishwa na", akasita, kisha akaandika jina lake mwenyewe, lile halisi, la cheti cha kuzaliwa, ambalo mtaani hapo hakuna aliyelijua isipokuwa mmoja. Akatia nukta.

Mdogo wake aliichukua karatasi, akaisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari kama anakagua pindo. Alipofika mwisho akarudia mwanzo. Kisha akavua futi shingoni, akailaza juu ya meza, akapima kwa macho.

"Maneno yameongezeka," akasema. "Itabidi jiwe liwe kubwa zaidi."